Tembo akiingia shambani, nani analipa? Wanyama wa Virunga na wakaaji wa pembeni

Katika vijiji vingi vinavyopakana na Parke ya Taifa ya Virunga, wakati wa mahindi kukomaa ni wakati wa kukesha. Walimaji wanalala shambani, wanawasha moto, wanapiga masufuria na vidumu, juu usiku mmoja wa tembo ao wa kiboko unatosha kumaliza kazi ya miezi mizima. Asubuhi, jamaa ambayo ilikuwa na chakula cha msimu inabaki na mabua tu. Wengine wanapoteza zaidi ya chakula: kuna watu wanaouawa na tembo, kiboko ao nyati, na kuna wanyama wanaouawa kwa mikuki, kwa mitego na kwa sumu ili kulipiza kisasi.

Serikali na wachungaji wa parke wanasema wanyama hawa ni mali ya taifa. Mlimaji anajibu kwamba mali ya taifa inakula kwake peke yake. Ukurasa huu unaeleza namna hesabu ya wanyama ilivyobadilika katika Virunga, kwa sababu gani wanatoka, njia zipi za kuwazuia zinafanya kazi, sheria za hapa na za nchi jirani zinasema nini juu ya malipo, na nini mkaaji anaweza kufanya leo.

PARKE NA MIPAKA YAKE

Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Iliitwa Parc Albert, kwa jina la mfalme wao. Ni parke ya taifa ya kwanza katika Afrika. Leo ina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 7,800. Inaanzia karibu na Goma, kwenye volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, inapita kwenye sokwe wakubwa wa Mikeno, inashuka kwenye tambarare ya Rwindi na Ziwa Edouard, kisha inapanda mpaka mlima Rwenzori na pori la Semliki upande wa Beni.

UNESCO iliiandika kati ya mali za urithi wa dunia katika mwaka 1979. Tangu 1994 iko kwenye liste ya urithi ulio katika hatari. Anayeichunga kwa jina la serikali ni ICCN, shirika la taifa la kulinda mazingira, pamoja na Virunga Foundation. Kazi hiyo ina damu: zaidi ya walinzi 200 wa parke wameuawa tangu ianzishwe, wengi wao katika miaka hii ya vita.

Kwenye ramani mpaka wa parke ni mstari. Chini kwenye udongo, pahali pengi hakuna kitu kati ya pande mbili. Upande huu nyasi na miti, upande ule muhogo, maharagi, mahindi na ndizi. Teritware za Rutshuru, Nyiragongo, Lubero na Beni zina watu wengi sana kwa udongo mdogo, na vita vimewasukuma wengine wengi kuja kutafuta pa kulima. Kuna wazee ambao bado wanaonyesha pahali babu zao walilima kabla ya mpaka kuchorwa, na kuna ugomvi wa mipaka ambao haujaisha mpaka leo.

Habari hiyo haiko Virunga peke yake. Katika Kivu ya Kusini, Parke ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na ikapanuliwa sana mwaka 1975. Wambuti waliokuwa wakiishi ndani ya pori hilo, ambao wengi wanawaita Batwa, walifukuzwa bila kupewa pahali pengine. Katika mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa: tume iliona kwamba haki zao zilivunjwa na serikali ya Kongo. Kwa hiyo mkaaji wa mashariki anaposikia neno «parke», anafikiri kwanza udongo, kisha wanyama.

HESABU: WALIKUWA WANGAPI, WAMEBAKI WANGAPI

Watu wengi wa pembeni wanasema wanyama wamezidi. Hesabu zinaonyesha kitu kingine.

Kiboko. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko kupita 25,000, wengi wao katika Ziwa Edouard na mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha. Hakukuwa na pahali pengine duniani penye viboko wengi kama hapo. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Waliuawa kwa ajili ya nyama na meno, na askari, makundi yenye silaha na wawindaji wa magendo.

Tembo. Katika miaka ya 1950 na 1960 walihesabiwa kwa maelfu. Katikati ya miaka ya 2010 walikuwa wamebaki karibu 120. Biashara ya meno ilimaliza wengi, na wengine walikimbilia Uganda, katika parke ya Queen Elizabeth, ambayo inagusana na Virunga.

Mwaka 2020 mambo yaligeuka. Kundi kubwa la tembo, karibu 580, lilivuka kutoka Uganda likaingia tambarare ya Virunga na kubaki. Tembo walivunja vichaka vilivyokuwa vimefunika malisho, nyasi zikaota tena, na nyati, swala na ngiri wakaanza kurudi pahali ambapo hawakuonekana kwa miaka mingi.

Sokwe wakubwa wa milimani, wanaoitwa ngagi. Hesabu iliyofanywa 2015 na 2016 katika volkano za Virunga, kwa upande wa Kongo, Rwanda na Uganda pamoja, ilipata 604. Ukiongeza wale wa Bwindi katika Uganda, ilipita 1,000. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 walitolewa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, wakawekwa kwenye daraja la chini yake kidogo. Ni moja ya habari chache nzuri.

Kwa hiyo, ukipima na miaka 50 iliyopita, tembo na viboko ni wachache sana. Hasara wanayoleta ni kubwa kwa sababu wanaume, wanawake na watoto wameongezeka pembeni, mashamba yamefika kwenye mstari wenyewe, na njia za zamani za wanyama zimekatwa. Hata tembo 10 wanatosha kumaliza mashamba ya kijiji kizima kama njia yao ya kwenda kunywa maji inapita humo.

KWA NINI HAWAPUNGUZWI KWA BUNDUKI

Kuna nchi ambazo zilipunguza wanyama kwa kuwaua kwa mpango. Afrika ya Kusini ilifanya hivyo katika parke ya Kruger: toka 1967 mpaka 1994 tembo waliuawa kila mwaka ili hesabu isizidi kipimo kilichowekwa. Wakaaji wengine wanauliza kwa nini hapa haifanywi.

Jibu la kwanza ni hesabu zenyewe: tembo mia kadhaa katika eneo la Virunga hawajazidi. Jibu la pili ni mwendo wa kuzaa. Tembo jike anabeba mimba miezi 22 na anazaa mtoto mmoja. Ngagi jike anazaa mara moja kwa miaka karibu minne. Mnyama wa namna hiyo akiuawa leo, pahali pake hapajai kwa haraka. Jibu la tatu ni tabia ya tembo: wanakaa kwa jamaa zinazoongozwa na jike mkubwa. Akiuawa yule anayejua njia na maji, waliobaki wanatangatanga, wanakuwa wakali, na mara nyingi ndio wanaoingia mashambani.

Upande mwingine wa Kongo, kazi ni ya kurudisha wanyama. Katika Garamba, jimbo la Haut-Uélé, vifaru weupe 16 waliletwa kutoka Afrika ya Kusini mwezi wa sita 2023, juu vifaru wa kule walikuwa wamemalizwa na wawindaji wa magendo.

KIBOKO NA SAMAKI

Wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, pesheri tatu zinazokubaliwa na sheria kwenye Ziwa Edouard, wanajua jambo ambalo mtu wa mjini anaweza kulisahau: bila kiboko samaki anapungua. Usiku kiboko anatoka majini kula nyasi, karibu kilo 40. Mchana anarudi ndani ya maji na kuacha mavi humo. Mavi hayo yanalisha vijimea vidogo sana vya majini, na hivyo vinalisha samaki, hasa tilapia.

Viboko walipomalizwa, chakula hicho cha ziwa kilipungua pia. Uvuvi mbaya, wenye nyavu za macho madogo na mitumbwi isiyo na ruhusa, uliongeza shida. Leo mvuvi mmoja anaweza kuwa na sababu mbili zinazopingana: kiboko anampindulia mtumbwi na anamtisha usiku, lakini kiboko yule yule anamlishia samaki. Ndiyo maana pale ziwani swali la wanyama haliwezi kumalizwa kwa kusema «waueni» ao «waacheni» tu.

KWA NINI WANATOKA NDANI YA PARKE

Tembo mkubwa anakula kilo 150 ao zaidi kwa siku. Ndani ya parke anatafuta chakula hicho kwa saa nyingi, nyasi hapa, tawi pale. Shamba la mahindi linamwekea chakula kitamu chote pahali pamoja. Akishaonja, anakumbuka pahali na wakati, na atarudi msimu unaofuata.

Sababu nyingine zinatoka kwa watu. Miti inapokatwa ndani ya parke kwa ajili ya makala na mbao, wanyama wanapoteza kivuli na chakula. Mapigano na milio ya silaha inawasukuma kutoka. Katika 1994 kambi kubwa za wakimbizi kutoka Rwanda, kama Kibumba, Katale na Mugunga, zilikaa karibu kabisa na parke, na miti mingi ilikatwa kwa kupikia. Pori lililofyekwa wakati ule halikurudi lote.

Kila mnyama ana tabia yake. Tembo na kiboko wanakuja usiku. Nyani wanakuja mchana, mtu akienda kula, na wanaacha mlinzi wao juu ya mti. Nguruwe wa pori wanachimba muhogo na viazi. Ngagi hawapendi mahindi sana, wanatafuta utomvu wa migomba na maganda ya miti ya kalitusi. Kwa hiyo dawa ya mmoja haifai kwa mwingine.

WAYA, PILIPILI NA NYUKI

Waya wa umeme. Virunga imejenga nyaya za umeme kwenye sehemu za mpaka wake. Chombo kinachoulisha kinatuma umeme kwa mapigo mafupi, yenye nguvu ya kuchoma lakini yasiyo ya kuua. Mnyama anashtuka na kurudi nyuma. Ukifanya kazi vizuri, waya unalinda mashamba ya vijiji vingi kwa mara moja, na pia unaonyesha mpaka wazi, watu wasigombane juu yake.

Lakini waya ni kitu cha kuchungwa kila siku. Nyasi zikigusa, umeme unapotea ndani ya udongo. Betri ikizimika ao mtu akiiba waya kwa kutegea wanyama, sehemu nzima inakuwa wazi. Tembo wenyewe wanajifunza: wanasukuma nguzo, ao wanakata waya kwa meno, juu jino halipitishi umeme. Na pahali ambapo mpaka wenyewe unabishaniwa, nguzo inaonekana kama kunyang'anywa udongo. Waya uliowekwa bila kuzungumza na wakaaji unaangushwa na watu kabla ya tembo kufika.

Pilipili. Tembo ana pua kali sana na hawezi kuvumilia pilipili. Pilipili kavu iliyosagwa inachanganywa na mavi ya tembo ao ya ng'ombe, inakaushwa kama matofali, kisha inachomwa pembeni ya shamba upepo ukielekea upande wa parke. Wengine wanachanganya pilipili na oili chafu ya gari, wanapaka kwenye kamba na vitambaa vinavyozunguka shamba. Mvua ikinyesha lazima kupaka tena. Faida nyingine: pilipili yenyewe tembo haili, kwa hiyo inaweza kulimwa kwenye mstari wa kwanza na kuuzwa.

Nyuki. Tembo anaogopa nyuki wakiingia machoni na ndani ya mkonga. Katika Kenya mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants walitengeneza uzio wa mizinga: mizinga inatundikwa kila metre 10 hivi, inaunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya mizinga yote inatikisika. Njia hiyo inatumika sasa katika nchi nyingi. Mlimaji anapata pia asali. Inafaa kwa shamba dogo, lakini usiku wa baridi nyuki hawatoki haraka, na mizinga mitupu haimtishi tembo kwa muda mrefu.

Ukuta na mtaro. Katika Rwanda, pembeni ya Parke ya Volkano, wakaaji na serikali walijenga ukuta wa mawe ya volkano kuzuia nyati. Kwa nyati unasaidia, kwa tembo ni kazi ndogo. Mtaro wenye kina unafaa pahali udongo ni mgumu. Mvua ikiubomoa, unakuwa njia.

Kulinda kwa kikundi. Karibu na Bwindi, katika Uganda, kuna vikundi vya wakaaji vinavyoitwa HuGo. Vilifunzwa kurudisha ngagi ndani ya pori bila kuwaumiza, kwa kutembea pamoja na kwa kelele ndogo. Mtu mmoja akijaribu peke yake anahatarisha maisha yake.

Hakuna njia inayodumu peke yake. Tembo anazoea kelele, anazoea moto, anazoea hata mlio wa bunduki hewani. Vijiji vinavyofaulu ni vile vinavyobadilisha njia, vinavyokesha kwa zamu, na vinavyovuna kwa wakati mmoja ili shamba la mwisho lisibaki peke yake.

NANI ANALIPA

Hapa ndipo uchungu mkubwa wa wakaaji.

Katika Kongo, sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo inayosimamia ulinzi wa mazingira. Inakataza kuua, kukamata ao kuuza wanyama wanaolindwa, na inaweka adhabu za kifungo na faini. Mlimaji anajua upande huo wa sheria vizuri, juu ndio anaokutana nao akikamatwa. Upande wa malipo ya mahindi yaliyoliwa, anachojua ni kwamba ameshapoteza mara nyingi na hakulipwa.

Nchi jirani zimechukua njia zao. Rwanda ina sheria ya 2011 juu ya malipo ya hasara iletwayo na wanyama, na mfuko maalum unaolipa mtu aliyeumizwa, jamaa ya aliyeuawa, na mwenye shamba. Tena, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa parke inarudi kwa wakaaji wa pembeni. Zamani ilikuwa asilimia 5. Uganda inatoa asilimia 20 ya pesa za mlangoni kwa serikali za pembeni ya parke, na sheria yake ya wanyama ya 2019 iliweka mpango wa malipo. Kenya, kwa sheria ya 2013, iliweka kiasi cha shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama. Kusema kweli, hata kule watu wanalalamika kwamba malipo yanachelewa na karatasi ni nyingi. Lakini mlango wa kubisha upo.

Virunga ilichagua njia nyingine: badala ya kulipa shamba kwa shamba, kutumia pesa ya parke kwa kazi za wote. Vituo vya umeme wa maji vimejengwa, kati yao Mutwanga, Matebe katika Rutshuru, na Luviro katika Lubero. Wachungaji wa parke wanasema umeme unaleta viwanda na kazi, na kijana mwenye kazi haendi kuchoma makala ao kuingia kundi la silaha. Shule, barabara na maji vimejengwa pia.

Shida ni mbili. Ya kwanza: pesa ya watalii imekauka. Parke ilifungwa kwa watalii mwaka 2018 baada ya utekaji, ikafungwa tena 2020 kwa sababu ya Kovidi, na vita vilivyorudi Rutshuru mwisho wa mwaka 2021 vimefunga njia ya ngagi. Ya pili: umeme unafika kwanza kwa yule aliye karibu na mji ao anayeweza kulipa kuunganishwa, lakini tembo anafika kwanza kwa yule aliye mwisho wa kijiji, karibu na mstari. Anayepata faida na anayepata hasara mara nyingi si mtu mmoja. Mpango wowote wa kesho, hata ukiwa na pesa nyingi, utapimwa na jambo hilo.

NYAMA YA MNYAMA ALIYEKUFA: HATARI YA KIMETA NA EBOLA

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho. Mwezi wa nne 2025 viboko karibu 50 walikutwa wamekufa kwenye mto Ishasha, pamoja na nyati kadhaa. Vipimo vilionyesha kimeta. Mto huo unaingia Ziwa Edouard. ICCN iliomba wakaaji wasiguse nyama hiyo na wachemshe maji kabla ya kunywa.

Kimeta ni ugonjwa wa vijidudu vinavyoweza kulala ndani ya udongo kwa miaka mingi. Mnyama anavipata akila nyasi chafu. Mtu anaupata akichuna, akigusa damu ao akila nyama ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo. Kwenye ngozi kunatokea kidonda chenye katikati nyeusi ambacho mara nyingi hakiumi. Ukiingia tumboni ao mapafuni, unaua haraka. Dawa ipo, lakini lazima kuwahi kituo cha afya.

Ebola nayo inaweza kumpata mtu kupitia mnyama wa pori. Mlipuko wa 2018 mpaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri uliua watu 2,287. Kwa jamaa iliyokosa chakula, kiboko aliyekutwa amekufa anaonekana kama zawadi. Mnyama ambaye hakuna anayejua kilichomuua asiguswe, asichunwe, asizikwe na watu wasio na vifaa. Toeni habari kwa kituo cha afya, kwa daktari wa mifugo ao kwa walinzi.

Ugonjwa unakwenda pia upande wa pili. Kikohozi cha mtu kinaweza kuua ngagi. Ndiyo sababu anayekutana nao anaombwa kukaa mbali, metre 10 ao zaidi, na mgonjwa asiwakaribie kabisa.

NINI MKAAJI ANAWEZA KUFANYA

Ukikutana na tembo: usimkaribie, usimpige picha, usimrushie mawe. Rudi nyuma polepole, uangalie upepo usimpelekee harufu yako. Tembo mwenye mtoto ni hatari zaidi.

Ukikutana na kiboko nchi kavu: usisimame kati yake na maji. Usiku, epukeni njia zake za kutoka ziwani. Wamama na watoto wanaochota maji waende kwa kikundi, mchana, na pahali pamoja panapojulikana.

Shambani: mazao yanayopendwa na tembo, kama mahindi na ndizi, yasikae mstari wa kwanza ikiwezekana. Vuneni mapema, na gunia zisilale kwenye kibanda cha shambani. Msitumie sumu: inaua ng'ombe, mbwa na watu kabla ya tembo, na inampeleka mwenye shamba gerezani.

Baada ya hasara: kabla ya kulima tena, itwe mashahidi. Pigeni picha za nyayo na za mazao, pimeni ukubwa wa sehemu iliyoharibiwa, andikeni tarehe, aina ya mnyama na zao. Muiteni shefu wa kijiji na agronomu waweke sahihi, na kopi moja ipelekwe kwenye posti ya ICCN ya karibu. Kopi nyingine ibaki kwenu. Mtu akiumizwa, karatasi ya kituo cha afya iongezwe.

Wengi watauliza: kuna faida gani kuandika kama hakuna anayelipa? Faida ni hii. Tembo wa Virunga wanahesabiwa kwa ndege, ngagi wanahesabiwa mmoja mmoja na kupewa majina. Magunia yaliyoliwa mara nyingi yanabaki mdomoni mwa mwenye shamba. Siku wakubwa wanapokaa kupanga waya upite wapi, kijana gani apewe kazi ya kuuchunga, ao mfuko wa malipo uanze na nani, kijiji chenye daftari la misimu mitatu kitakuwa na cha kuonyesha. Kijiji chenye malalamiko tu kitaambiwa kingoje.

Komite ya kijiji inaweza kuanza na daftari moja, kalamu, na mtu mmoja anayeaminika ambaye atazunguka kila asubuhi wakati wa mavuno. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya mtu.